Tungule za Kombani

Munje, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Saumu,

Assalaam aleikum. Najua ni ajabu kumwandikia barua mtu ambaye ninamsikia kwa masikio yangu akibishana na mama yake nyuma ya pazia. Nyinyi mko chumbani mnapanga begi la safari ya kesho, mimi niko barazani na daftari lako la zamani la hesabu. Nimemsikia mama yako akikwambia uchukue blanketi mbili, nawe ukisema Mackinnon Road ni joto, naye akakujibu, "Joto la mchana halimfuniki mtu alfajiri." Mshindi wa mabishano hayo ninamjua, kwa hivyo sitaingia.

Mambo ya blanketi, chandarua, maji ya kuchemsha na jinsi ya kukaa na walimu wenzako nimemwachia yeye. Amekwisha kukwambia mara tatu, na kesho kabla hujapanda gari atakwambia ya nne. Fungu langu mimi ni makosa yangu. Hayo hayaingii begini, na mama yako hawezi kuyapanga vizuri kama mimi, ingawa anayakumbuka yote.

Nitaanza na bustani, kwa sababu humo ndimo nilimokosea zaidi, na humo ndimo nilimopata raha ambayo sikuitafuta.

Ulikuwa darasa la tano hoteli yetu ya Diani ilipopunguza watu, nami nikawa miongoni mwa waliopunguzwa. Nilikuwa mtunza stoo miaka kumi na tisa. Nilirudi nyumbani na sare mbili na kibati cha jina langu. Wiki ya kwanza nilipumzika. Wiki ya pili nikaanza kuitunza stoo ya mama yako. Nilipanga makopo ya jikoni kwa urefu, nikayafuta vumbi, nikayahamishia vitu ili kila kopo lifanane na mwenzake, kisha nikakaa barazani nikingoja kushukuriwa. Jioni mama yako akatia sukari kwenye mchuzi wa papa.

Hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Alikwenda nyuma ya mlango, akatoa jembe, akaniwekea miguuni kama mtu anayemtengea mgeni chakula.

"Hamisi," akasema, "mimi nakupenda. Nenda uani."

Nami nikaenda. Sikuwa nimeshika jembe tangu nilipokuwa mtoto, lakini nilikuwa na hasira, na hasira hulima vizuri sana kwa saa mbili za kwanza. Nilifyeka kila kilichoota kati ya choo na ua wa makuti. Sikubakisha hata jani. Nikapiga kamba, nikapima mistari, nikafagia. Ardhi ikawa safi kama meza ya hoteli kabla wageni hawajashuka. Nikamwita mama yako aje aone.

Alikuja na sufuria mkononi. Akasimama mlangoni, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mtsunga wangu uko wapi?"

"Mtsunga gani?"

"Ule tuliokula jana. Na juzi. Ule ulioniambia, mashallah, mboga ya leo tamu."

Mwanangu, nilikuwa nimeila mboga ile chungu miaka yote ya ndoa yangu, na siku zote nilidhani inatoka sokoni. Kumbe ilikuwa ikiota yenyewe hatua kumi kutoka kitandani kwangu, na mama yako alikuwa akiichuma kila jioni huku mimi nikisikiliza redio. Nilikuwa nimeilima kama magugu, nikairundika na kuichoma moto, tena kwa majivuno. Usiku huo tulikula wali na chumvi. Wewe uliuliza mboga iko wapi, na mama yako akakuonyesha kwa kidole moshi uliokuwa bado unafuka uani.

Nakwambia hili kwa sababu kesho unakwenda mahali usipopajua. Mimi sikuwa nimekwenda popote. Nilikuwa nyumbani kwangu, na sikupajua.

Basi nikaanza kupanda. Nilipanda kila kitu siku moja: mchicha, mabenda, mabiringani, dania, pilipili, na tungule, hasa tungule, hizi ambazo vitabu vyenu vya shule huziita nyanya. Nilichomeka kibao mbele ya kila mstari, na kila kibao nilikiandika kwa herufi kubwa, kana kwamba mchicha ungesahau kuwa ni mchicha. Nikatia mbolea ya kuku ikiwa ingali mbichi, ndoo kwa ndoo, kwa imani kwamba kizuri kikizidi kinazidi uzuri. Miche ikaungua kama iliyopigwa pasi. Nikapanda tena. Safari hii wakaja tumbili. Walikuja saa nne asubuhi, kama watalii waliochelewa kuamka na bado wanataka kifungua kinywa. Walionja hiki, wakatupa kile, wakaondoka na vibao vyangu viwili.

Mama yako ndiye aliyetoa shauri la sanamu. Sare zangu mbili zilikuwa kabatini, zimepigwa pasi. Nilikuwa nikizipiga pasi kila Jumapili jioni miezi mitano mizima baada ya kazi kwisha, na hakuna aliyeniuliza sababu. Siku ile akasema tu, "Moja ivalishe mti ikufanyie kazi." Nikaivalisha. Suruali nyeusi, shati jeupe la mikono mirefu, kofia, na kichwa cha gunia lililojazwa makumbi ya nazi. Wewe ndiye uliyeng'ang'ania tulipachike kibati cha jina kifuani. Nilipoliona limesimama kati ya mistari yangu, limenyooka, mikono imefunguliwa kama anayekaribisha wageni, nilijihisi nimerudishwa kazini.

Tumbili hawakuja siku nne. Siku ya tano akaja babu yako wa Kombani.

Babu yako macho yake yalikuwa yamekwisha kuanza kumtupa, na miwani alikuwa haivai njiani kwa kuwa aliona inamzeesha. Alikuwa amekuja kunijulia hali kwa sababu ya kazi iliyonitoka. Katika miaka yote ya ndoa yangu alikuwa hajawahi kuja bila mwaliko, kwa hivyo lilikuwa jambo kubwa, na alikuwa amebeba jogoo kwapani. Akapita njia ya uani. Akamwona mkwewe amesimama bustanini kwa sare ya kazi.

Akapiga hodi. Kimya. Akakohoa. Kimya. Akasimama akingoja shikamoo yake, kama ilivyo haki ya kila mkwe. Mtoto wa jirani aliyemwona alituambia baadaye kwamba mzee alisimama pale muda wa kutosha mtu kula embe zima. Mwisho akasema kwa sauti, "Hamisi! Mimi ndiye niliyekupa mke!" Sanamu halikujibu. Akageuka na jogoo wake, akarudi Kombani.

Mimi nilikuwa ndani nimelala.

Magharibi nyanya yako akapiga simu. "Huyo mumeo," akamwambia mama yako, "amemfanya nini baba yako? Amerudi na jogoo wake na hataki kula." Tukatoka uani tukatazama, tukaelewa. Mama yako alicheka mpaka akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akaruka, akaendelea kucheka akiwa amesimama. Mimi sikucheka. Nikachukua simu nikaomba kusema na mzee.

"Shikamoo baba."

"Leo una mdomo?"

"Baba, yule hakuwa mimi. Lilikuwa sanamu la kutishia tumbili."

Nikamsikia akikohoa.

"Kwa hiyo," akasema pole pole, "nimesimama juani nikingoja shikamoo ya fimbo."

Hapo ndipo nilipouchochea moto kwa mikono yangu miwili. Ningenyamaza tu. Ningesema nisamehe baba, nitakuja kesho, yakaisha. Lakini nilikuwa mtu aliyeachishwa kazi, ninaongea na mkwe wangu ambaye hakuwahi kunitegemea kwa lolote, na nikataka awe na sababu ya kuniheshimu. Nikasema, "Ni kwa sababu ya bustani, baba. Tungule zangu zimeiva mpaka zinaanguka zenyewe."

"Zimeiva?"

"Nyekundu ndu!"

"Basi niletee nizione."

Saumu, unakumbuka tungule zangu zilikuwaje. Miche minne, majani yamejikunja kama karatasi iliyoloa, na tungule moja ya kijani isiyozidi jicho la samaki.

Jumamosi nikakuchukua twende Kombani. Nilikuchukua kwa sababu ya woga. Nilijua mzee hawezi kunifukuza mbele yako. Tuliposhuka tukapita sokoni, nikanunua tungule kikapu kizima, nzuri, zilizojaa, ngozi inang'aa. Ukaniuliza ni za nani, nikakwambia ni za babu. Hapo sikuwa nimesema uongo bado. Kisha nikachuchumaa kando ya barabara, nikachukua udongo mkavu, nikazipaka moja moja ili zionekane zimetoka shambani asubuhi ile. Ulichuchumaa karibu nami ukanisaidia kuzipaka, ukidhani ni mchezo.

Babu yako alitupokea mkekani. Safari hii alikuwa amevaa miwani. Nilimpa shikamoo ambayo ingetosha watu wanne. Nikamsogezea kikapu. Akaichukua tungule moja, akaigeuza, akaipangusa kwa kidole gumba, akakitazama kidole chake.

"Mashallah," akasema. "Za Munje hizi?"

"Za Munje, baba."

"Umezilima mwenyewe?"

"Kwa mikono hii."

Akakugeukia wewe. Tangu ulipozaliwa alikuwa akikuita mke wake, kama mababu wote wanavyowatania wajukuu zao.

"Mke wangu," akasema, "wewe hujawahi kunidanganya. Baba yako ndiye aliyezichuma hizi?"

Ukanitazama. Nami, mwanangu, nikaanza kujikuna kidevu na kuangalia dari. Hilo ndilo kosa langu. Tungule zilikuwa upuuzi, na sanamu lilikuwa bahati mbaya. Kosa langu lilikuwa lile la kuangalia dari. Ungekuwa na umri wa miaka kumi na moja mwezi uliofuata.

"Ndiyo, babu," ukasema. "Nilimsaidia."

Hilo la kusaidia uliliongeza wewe mwenyewe. Nilikupenda kwa hilo na nikakuogopa.

Babu akairudisha ile tungule kikapuni. Nyanya yako akazikata kachumbari, tukala. Wakati wa kurudi, tulipokuwa tukitembea kutoka barabarani kuja nyumbani, ukaniuliza, "Baba, ule ulikuwa uongo?" Nikakujibu bila hata kufikiri. Nikasema, "Ule haukuwa uongo, mwanangu. Ilikuwa ni adabu."

Ukasema, "Haya." Ukaniwachia mkono ukatangulia mbele.

Tuyaache hayo kidogo. Nataka nikwambie pia lililonifurahisha, usije ukadhani baba yako alikwenda uani kupata aibu tu.

Tungule zile zilikufa. Lakini mabenda, ambayo nilikuwa nimeyasahau pembeni, nyuma ya sanamu, yalikuwa yameota bila msaada wangu, na labda ndiyo sababu yaliota. Asubuhi moja nilitoka kupiga mswaki nikaona ua. La manjano hafifu, pana kama kiganja cha mtoto, na ndani kabisa jekundu lililokoza kama zambarau iliyoiva. Nikabaki nimesimama na mswaki mdomoni. Nilipokea mabenda kwa kilo miaka kumi na tisa. Niliyahesabu, nikayapima, nikatia sahihi, nikamkatalia dereva aliyeleta yaliyokomaa. Sikuwa nimejua kwamba benda lina ua. Nilimwita mama yako akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Akalitazama, akanitazama mimi, akasema, "Sasa umeanza kuona." Saa za alasiri nilikuita nikuonyeshe ulipotoka shule, nalo lilikuwa limekwisha kujifunga. Uliniambia, "Baba, unaniitia ua lililolala." Kesho yake uliamka mapema bila kuamshwa.

Tulivuna mabenda matano. Mama yako akayapika kwa nazi, akayapakua kwenye sinia kubwa la Idi kana kwamba ni mbuzi mzima. Nilipata moja na nusu. Sijawahi kula chakula kilichonituliza moyo kama kile, na wewe unajua hotelini niliwahi kula hata kamba-mti, ingawa si kwa ruhusa.

Baada ya hapo sikuwa tena mtu asiye na kazi. Nilikuwa mtu mwenye mabenda. Watu husema bustani humfunza mtu subira. Mimi sijafunzwa. Hata leo mbegu nikizipanda, siku ya tatu huzifukua kwa kidole nione kama zimeanza, na mama yako hunipigia kelele kutoka dirishani. Nilichopata ni kwamba kuna kitu kila asubuhi ambacho hakikuwako jana, na mimi ndiye wa kwanza kukiona. Kwa mtu aliyezoea kungoja barua ya kuitwa kazini, hilo ni jambo kubwa. Sare ya pili niliacha kuipiga pasi. Sikumbuki hata ni Jumapili gani niliyoacha.

Sasa nirudi pale nilipokimbia.

Ulikuwa kidato cha pili. Ulituambia kila Jumamosi unakwenda Msambweni kusoma na wenzako, nasi tukaamini, mpaka siku niliyokwenda huko kutafuta miche nikasikia kelele uwanjani. Nikasogea. Nikamwona mshambuliaji mmoja wa timu ya wasichana, amejifunga mtandio kichwani, anakimbia kama anayefukuzwa na nyuki, anapiga mpira, bao. Nikapiga makofi. Nikamwambia mtu aliyekuwa kando yangu, "Yule msichana mkali!" Kisha akageuka, nikamtambua mwanangu.

Nilikungoja nyumbani. Nilikuwa nimeiandaa hotuba njia nzima. Ulipofika nikakuuliza masomo yalikuwaje, ukasema mazuri. Nikakuuliza mlisoma nini, ukasema jiografia. Hapo nikasimama nikaanza kufoka. Nikasema, uongo katika nyumba yangu! Nani amekufunza uongo katika nyumba yangu?

Hukupandisha sauti. Ulisema, "Ule haukuwa uongo, baba. Ni adabu."

Mwanangu, mtu akipigwa kofi hujua aweke mkono wapi. Mimi sikujua. Mama yako alikuwa jikoni, na nilisikia mwiko ukisimama ndani ya sufuria. Miaka mitano na zaidi ulikuwa umelibeba neno langu, umelitunza vizuri, ukanirudishia lile lile, halina hata mkunjo.

Nikatoka, nikaenda uani, nikaanza kupalilia mahali ambapo hapakuwa na magugu. Baada ya muda ukaja ukachuchumaa upande wa pili wa tuta. Uling'oa jani, nikakwambia, "Huo ni mchicha." Uling'oa jingine, nikakwambia, "Na huo pia." Ukaanza kucheka, nami nikacheka, na katika kule kucheka ukaniambia yote: kwamba unacheza tangu mwaka uliopita, kwamba uliogopa nitakukataza, kwamba mwalimu wenu anasema una mguu wa kushoto wa hatari. Nami nikakwambia kwamba nilikuwa uwanjani na nilikupigia makofi. Ukalia. Sikutegemea hilo ndilo lingekuliza.

Hapo ndipo uliposema, "Basi na babu tumwambie."

Nilijaribu kukwepa, unakumbuka. Nikasema mzee ana presha. Nikasema yamepita. Nikasema labda Kombani kuna mvua. Ukavaa viatu ukasimama mlangoni ukiningoja, mikono kiunoni, kama mama yako kabisa.

Babu yako alikuwa mkekani pale pale. Nikampa shikamoo, nikakaa.

"Baba," nikasema, "zile tungule nilizokuletea mwaka ule, sikuzilima mimi."

Mzee akaweka kikombe chini. Akavua kofia, akajipangusa kichwa, akaivaa tena.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilidhani nitakufa kabla hujasema."

"Ulijua?"

"Hamisi, mchanga wa Munje ni mweupe kama unga. Tungule zako zilikuwa na udongo mwekundu. Umewahi kuona udongo mwekundu Munje?"

Nikainamisha kichwa. Ukaanza kutetemeka kwa kicheko kilichobanwa.

"Na tena," akaendelea mzee, "zilikuwa zangu. Nilizipeleka sokoni mwenyewe alfajiri ya siku ile. Nilikaa hapa nikala kachumbari ya tungule zangu, nikimshukuru mtu aliyezinunua."

Nyanya yako, aliyekuwa mlangoni, ndiye aliyeanza. Kisha wewe. Kisha mzee mwenyewe, kicheko cha mtu asiye na meno ya mbele, mpaka miwani ikamdondoka. Nami nikacheka mwisho, kama anayeingia chumba chenye watu bila kujua kama amekaribishwa.

Alipotulia akakuita. "Mke wangu, njoo." Ukamsogelea. Akasema, "Siku ile sikukukasirikia wewe. Ulikuwa unamfunika baba yako. Lakini mtoto si leso ya kumfunikia mtu mzima." Hakunitazama aliposema hivyo. Hakuhitaji.

Wiki iliyofuata akaja Munje, kwa njia ya mbele safari hii. Akasema anakuja kunifunza tungule mara moja tu nisimwaibishe tena. Alinipangia yeye matuta, akachagua yeye mbegu, akaniagiza kama kibarua siku tatu. Ikanyesha mvua ya mwaka, tungule zote zikaoza. Akasema kosa ni la Munje. Nikasema kosa ni lake. Tukagombana mchana kutwa, tukala pamoja, na akalala kwetu usiku ule kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. Tangu hapo hapiti mwezi bila kuja kunikosoa. Miaka kumi na tano ya mwanzo mimi na mzee huyu tulikuwa na shikamoo na marahaba tu, na katikati yake hapakuwa na neno. Sasa ananipigia simu saa kumi na mbili asubuhi kuniuliza kama biringani langu limetoa ua, na nikisema bado anakata simu kwa furaha.

Mwanangu, wewe bustani huipendi, na sikuandiki ili uipende. Huko uendako ni pakavu, maji ni ya kungoja, na mbuzi ni wengi kuliko majani. Ukitaka kupanda kitu kwenye kopo dirishani, panda. Usipotaka, cheza mpira na wanafunzi wako. Ninachotaka ujue ni hiki: siku zako za kwanza utakosea. Utaita watoto kwa majina yasiyo yao. Utamsalimia mtu kama mtu wa pwani naye atakushangaa. Utapika chakula kisicholika. Na tutakapokupigia simu utataka kutuambia kwamba zimeiva mpaka zinaanguka zenyewe. Najua, kwa sababu wewe ni binti yangu na pua hiyo ni yangu. Tuambie majani yamejikunja. Mama yako atacheka, mimi nitakueleza dawa isiyofaa, na utajisikia vizuri.

Nami pia nina langu la kukwambia leo, kabla hujalijua kwa mtu mwingine. Barua yako ya kazi ilipokuja, niliipokea mimi. Nilikaa nayo siku mbili mfukoni. Nilijiambia ninangoja wakati mzuri. Hapakuwa na wakati mzuri wowote niliokuwa nikiungoja. Nilikuwa tu nataka siku mbili zaidi za kukusikia ukiimba vibaya chooni. Nisamehe. Safari hii hukuwa na haja ya kunifunika, nimejifunua mwenyewe.

Ukinipigia simu na kuniuliza hali, nitakwambia njema, alhamdulillahi. Ndivyo tulivyolelewa huku, hata nyumba ikiwa inaungua mtu hujibu njema kwanza kisha ndipo aombe maji. Wewe usikate simu. Ngoja kidogo, kisha niulize mara ya pili. Mara ya pili nitakwambia kweli.

Nami nitakuuliza mara mbili.

Mama yako ananiita nije nikalie begi lifungike. Blanketi ni mbili.

Ni mimi baba yako anayekupenda na anayekwenda kukalia begi,
Hamisi